Jina jipya au lebo mpya: namna ya kuamua biashara ikiwa bado changa

Chukua biashara ya siagi ya karanga iliyoanzia jikoni miaka mitatu iliyopita. Chupa za gramu 400, kifuniko chekundu, lebo iliyochapwa Kariakoo, jina lililochaguliwa kwa dakika kumi siku ya kujaza fomu za BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania. Leo chupa hizo ziko kwenye maduka 25 na supamaketi mbili. Mwenyewe ameongeza asali na unga wa lishe, na kila akiitazama ile lebo ya kwanza anaona haifanani tena na mahali alipofika. Anataka kubadilisha. Abadilishe nini: sura tu, au jina na kila kitu? Akikosea, hasara haionekani siku ya kwanza. Inaonekana miezi mitatu baadaye, pale muuza duka anapompigia simu na kuuliza, "Ile yenu ya zamani mmeacha kutengeneza? Watu wanaiulizia."

Hizi ni kazi mbili tofauti, ingawa mitaani zote huitwa "kubadili brandi". Kuboresha mwonekano ni kugusa nembo, rangi, herufi, kifungashio, picha na maneno ya kujitangaza, huku jina likibaki na bidhaa ikibaki. Kubadili chapa ni kubadili jina, au kubadili ile ahadi yenyewe: unamuuzia nani, unamuuzia nini, na kwa nini akuamini. Vodacom ilipotoka kwenye bluu ikaingia kwenye nyekundu, jina halikuguswa. Hiyo ni kazi ya kwanza. Barclays ilipogeuka Absa mwezi Februari 2020, Kenya na Tanzania, ilikuwa kazi ya pili, na ilikuwa ya lazima: Barclays ya Uingereza ilikuwa imeuza sehemu kubwa ya hisa zake za Afrika, na ruhusa ya kutumia jina lake ilikuwa na tarehe ya mwisho.

Mifano ya kampuni kubwa inapotosha, na ni vizuri kuona inapotoshea wapi. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Majina matatu kwa muda mfupi, rangi zikibadilika kila mara, lakini mteja hakuhitaji kuitafuta kampuni upya. Laini ilikuwa ileile kwenye simu yake, namba ileile, salio lilelile. Kamba iliyomfunga mteja na kampuni haikuwa jina. Msaga karanga hana kamba ya namna hiyo. Mteja wake hana mkataba wala namba. Ana picha ya chupa kichwani, na pengine neno moja analolikumbuka nusu. Ukibadili vyote viwili kwa mpigo, umekata kamba yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kamba yako ni ipi, na hilo haliamuliwi mezani na mbunifu wa nembo.

Kwanza jua ugonjwa uko wapi

Biashara nyingi changa hukimbilia jina jipya mauzo yanaposhuka. Mauzo hushuka kwa sababu nyingi, na jina ni mojawapo ya zile zisizo za kawaida. Chukua daftari, na kwa wiki nne weka alama moja kwa kila mauzo: mteja mpya au mteja anayerudi. Kama unauza kupitia maduka, andika siku zinazopita kati ya oda moja na nyingine kwa kila duka.

Wanaorudi wakipungua, tatizo liko ndani ya chupa au kwenye bei. Karanga za msimu uliopita zilizokaa ghala lenye unyevu huchacha na kuota ukungu, na mteja aliyeonja siagi yenye uchungu harudi hata uiite jina la malaika. Wanaorudi wakiwa palepale lakini wapya hawaji, hapo kuna habari ya mwonekano: hawakuoni, au wakikuona hawaelewi unauza nini. Wakishika chupa, wakaisoma, kisha wakairudisha rafuni, iangalie lebo upya. Mara nyingi kinachokosekana ni uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, au anwani ya mtengenezaji. Mtu anayenunua chakula cha mtoto hutafuta vitu hivyo kabla ya kutazama uzuri wa nembo.

Linganisha Januari na Januari. Mwezi wa ada za shule hushusha karibu kila kitu, na anayeulinganisha na Desemba ataona msiba usiokuwepo. Biashara ambayo haijatimiza miezi 12 haina hata cha kulinganisha; kwa maoni yetu haina sababu ya kubadili jina isipokuwa kama sheria inailazimisha.

Siku mbili kando ya kaunta

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakina gharama. Omba ruhusa kwa wenye maduka wawili au watatu, ukae pembeni saa za watu wengi, asubuhi na jioni, au mpe kijana daftari akae badala yako. Mwandishi asijitambulishe kwa mteja. Andika maneno yaleyale ambayo watu wanatumia kuomba bidhaa yako, bila kuyasahihisha, mpaka upate wateja 30 au 40. Majibu yataangukia mafungu manne.

Wapo watakaotaja jina. Hata wakilikosea kidogo, hesabu. Kama ni zaidi ya nusu, jina lako tayari ni mali, na kulibadilisha ni kuchoma pesa uliyokwisha kuitumia miaka mitatu.

Wapo watakaotaja sura: "Nipe ile ya kifuniko chekundu." Kwa maduka ya mtaani fungu hili huwa kubwa, kwa sababu bidhaa ziko nyuma ya muuzaji na mteja ananyoosha kidole. Hapa matokeo ni kinyume cha wanachodhani wengi. Jina lako linaweza kubadilika bila kishindo, lakini kifuniko chekundu hakiguswi. Mmiliki aliyechoshwa na nyekundu akaamua kuweka kijani ili "ionekane ya asili" ameua kitu pekee ambacho mteja alikuwa anakitambua.

Wapo watakaotaja mtu: "Ile ya mama Asha," "ile ya yule dada wa Tabata." Hawa wanakuamini wewe, na jina lililoko kwenye lebo halijawahi kuingia vichwani mwao. Kubadili jina hapa ni rahisi sana, na pengine jina zuri kuliko yote ndilo hilo wanalokuita. Hatari ni kwamba siku ukitaka kuuza biashara au kumwachia mtu mwingine, imani inaondoka na wewe.

Wa mwisho husema tu, "Nipe siagi ya karanga, ya bei ndogo." Hao si wateja wako, ni wateja wa bei. Kama ni wengi kuliko mafungu mengine yote, basi bado huna chapa ya kubadilisha. Una bidhaa isiyojulikana, na una uhuru ambao hutakuwa nao tena baadaye.

Ongeza kipimo kidogo cha pili. Wapigie watu kumi wasiokujua sana, uwatajie jina la biashara mara moja kwenye simu, kisha waombe waliandike na kukutumia kwa WhatsApp. Majina ya Kiingereza hurudi yakiwa na tahajia tano tofauti. Majina yenye l na r karibu karibu hurudi yamepinduliwa. Mtu asiyeweza kuliandika jina lako hawezi kukutafuta Instagram wala kukutumia kwa rafiki, na kasoro hiyo haitibiwi na nembo mpya.

Sababu zinazotosha kubadili jina

Ya kwanza ni ya kisheria, na hapa watu wengi wanadanganywa na cheti walichonacho ukutani. Kusajili jina la biashara BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara, ingawa vyote viko chini ya wakala huohuo. Cheti cha jina kinasema ni nani anafanya biashara kwa jina hilo. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa za aina yako. Kwa hiyo unaweza kuwa na cheti halali cha jina, na bado ukapokea barua ya wakili kutoka kwa mtu aliyesajili alama inayofanana na yako. Ukiipata barua hiyo ukiwa na maduka 25, shukuru hukuipata ukiwa na maduka 250. Ukiona hoja yake ina nguvu, badili jina mapema.

Ya pili: jina limekuwa dogo kuliko biashara. Jina lenye neno "karanga" linabana likibandikwa kwenye chupa ya asali. Jina la mtaa linabana ukifika Mwanza. Lakini pima kwanza. Kama asali na unga ni sehemu ndogo ya mapato, usimbadilishie jina mtoto anayelisha nyumba kwa ajili ya wadogo zake ambao bado hawajasimama. Subiri uone kama bidhaa mpya zinadumu walau mwaka.

Ya tatu: ushirika umevunjika, na jina ni herufi za kwanza za watu wawili. Hapa hoja si uzuri bali ni nani ana haki nalo, na kuendelea kulitumia bila maandishi ni kuacha mlango wazi.

Ya nne: jina limechafuka. Watu waliumwa, mzigo ulirudishwa, habari zikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Jina jipya linaweza kusaidia, ila baada ya chanzo kuondolewa. Mji ni mdogo. Wenye maduka watakutambua kwa sura na namba ya simu, na wakiona uchafu uleule ndani ya chupa mpya watakuhesabu kuwa mdanganyifu, jambo baya kuliko kuwa mzembe.

Kuchoka hakumo katika orodha hiyo. Mmiliki anaiona nembo yake mara hamsini kwa siku. Mteja anaiona mara moja kwa mwezi, pale chupa inapoisha. Wakati wewe unaanza kuchoka, yeye ndio kwanza anaanza kuizoea. Mshindani kubadili yake, au mpwa aliyejifunza usanifu wa picha, navyo si sababu.

Kuna njia ya katikati ambayo husahaulika: kufupisha. Kenya Commercial Bank walikuja kubaki na KCB, herufi ambazo watu walikwisha zoea kuzitamka. Kama kaunta imekuonyesha kuwa wateja wamelikata jina lako na kutumia neno moja tu, wamekufanyia kazi. Chukua neno hilo, likuze kwenye lebo, na maneno mengine yaweke kwa herufi ndogo chini yake. Umebadili jina bila mtu kupotea. Kinachoshawishi lakini hatukipendekezi kwa biashara ndogo ni kuanzisha jina la pili kwa bidhaa mpya. Majina mawili ni lebo za namna mbili, kurasa mbili, matangazo mawili na mfuko mmoja.

Ukichagua jina jipya, lifanyie msako kabla hujalipenda. Litafute kwenye mfumo wa usajili wa BRELA, upande wa majina na upande wa alama pia. Litafute Instagram, Facebook na kwenye anwani za mtandao zinazoishia na .co.tz. Alama husajiliwa kwa tabaka za kimataifa, 45 kwa jumla: 34 za bidhaa na 11 za huduma. Siagi ya karanga iko tabaka la 29, asali na unga viko la 30, sabuni la 3, nguo la 25, mgahawa la 43. Msaga karanga wetu anayeuza na asali anahitaji tabaka mbili, na ada inakwenda kwa tabaka. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na watu wana siku 60 za kulipinga. Usajili wa Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Hauvuki bahari: Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na Kenya ni KIPI. Anayepeleka mzigo Unguja aliangalie hilo kabla ya kuchapa, maana kinachokuwa chake Dar es Salaam kinaweza kuwa cha mtu mwingine Darajani.

Epuka pia majina yanayotaja tu sifa ya bidhaa, kama Asali Safi au Karanga Bora. Yanapendeza masikioni, lakini neno linaloeleza bidhaa yenyewe ni gumu kulisajili kuwa lako, kwa sababu kila muuzaji ana haki ya kusema asali yake ni safi.

Ukiamua kugusa sura tu

Usidhani hii ndiyo njia salama isiyoweza kudhuru. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Tropicana ya Marekani ilibadilisha pakiti ya juisi yake. Jina halikubadilika, juisi haikubadilika. Waliondoa picha ya chungwa lililochomekwa mrija, iliyokuwa imezoeleka, wakaweka picha ya glasi ya juisi. Mauzo yalishuka kwa takribani asilimia 20 ndani ya wiki chache, wakarudisha pakiti ya zamani. Wanunuzi walipita mbele ya rafu bila kuiona. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini chupa haijiuzi kama mteja haitambui.

Kanuni inayofaa kushikwa: kati ya rangi kuu, umbo la chupa na ile alama au picha ya katikati, badili kimoja tu kwa awamu moja. Viwili vilivyobaki vitamshika mteja mkono. Majibu ya kaunta ndiyo yatakayokwambia kipi kisiguswe kabisa.

Kisha ipime nembo mpya kabla ya kuilipia. Ichape kwa upana wa sentimita moja na nusu. Mistari inayopotea hapo itapotea kwenye kifuniko na kwenye fulana ya kudarizi. Itoe fotokopi nyeusi na nyeupe, kwa sababu risiti na hati za mzigo hazina rangi. Iweke ndani ya duara la picha ya WhatsApp uone kama maneno ya pembeni yanakatwa. Bandika lebo ya majaribio kwenye chupa, iweke rafuni kati ya za washindani, simama hatua tatu nyuma, piga picha kwa simu ya kawaida chini ya taa ya dukani. Mambo mengi yaliyopendeza kwenye kompyuta hufa hapo.

Rangi inahitaji neno la pekee. Kijani kinachong'aa kwenye skrini kimetengenezwa kwa mwanga. Kwenye karatasi kinatengenezwa kwa wino, na hutoka kimefifia. Dai toleo la nembo lililoandaliwa kwa ajili ya uchapaji, pamoja na namba za rangi zilizoandikwa, na uone karatasi ya majaribio kabla ya mzigo wote kuchapwa. Dai pia faili asilia linaloweza kukuzwa mpaka ukubwa wa bango bila kuvunjika. Wengi hupewa picha moja ya kutumwa kwa simu, halafu mwaka unaofuata wanalipa tena kuchorewa kitu kilekile.

Mahali ambapo jina linaishi

Tofauti ya gharama kati ya kazi hizi mbili haiko kwenye ada ya mbunifu. Iko kwenye idadi ya mahali ambapo jina limeandikwa, hasa pale ambapo kalamu si yako.

Anza na bakodi, ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta. Kwa kanuni za GS1, shirika la kimataifa linalosimamia namba za bakodi, ukibadili rangi au mchoro wa lebo, namba inabaki ileile. Ukibadili jina kuu la chapa, kila bidhaa katika kila ujazo inahitaji namba mpya. Na ukibadili uzito halisi, hivyohivyo. Msaga karanga mwenye bidhaa tatu za ujazo mbili anahitaji namba sita. Kwa supamaketi, namba mpya ni bidhaa mpya: lazima iingizwe kwenye mfumo wao, na historia ya mauzo yako inaanza sifuri. Mnunuzi anayefuata namba ataona bidhaa ya zamani imesimama na mpya haijauza kitu, na bila mazungumzo ya mapema anaweza kuacha kuagiza zote mbili. Wakati uko hapo, kumbuka kuwa mistari isichapwe kwa nyekundu. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, nao huona mistari hiyo kama weupe. Nyeusi juu ya nyeupe haina matatizo.

Kwa chakula kuna TBS, shirika la viwango la Tanzania, iliyochukua kazi za usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Nyaraka zako za usajili na za alama ya ubora zinataja bidhaa kwa jina lake. Peleka rasimu ya lebo mpya na uulize utaratibu wa mabadiliko kabla ya kuchapa, si baada ya kuchapa. Hata ukigusa sura tu, hakikisha mbunifu hajafuta, kwa ajili ya uzuri, orodha ya viambato, uzito, namba ya toleo, tarehe au maelekezo ya kuhifadhi.

Kisha karatasi nyingine: kumbukumbu za TRA, mashine ya EFD inayochapa jina kwenye risiti, leseni ya biashara, akaunti ya benki. Kwa kampuni, jina hubadilishwa kwa azimio maalumu la wanahisa. Kampuni inabaki ileile, mikataba na madeni yake yanabaki. Fahamu pia kwamba si lazima jina la kampuni na jina la bidhaa vifanane. Kubadili la kwenye chupa na kuacha la kwenye vyeti kunaokoa safari nyingi.

Isipokuwa sehemu moja, nayo ni Lipa Namba. Mteja akilipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hajathibitisha. Kama bango linasema hivi na simu inasema vile, katika nchi ambayo kila mtu amewahi kupata ujumbe wa "tuma kwenye namba hii", atasita, na ana haki ya kusita. Badilisha jina hilo liendane na bango, au liandike wazi pembeni ya namba: "Jina litakalotokea ni hili."

Mitandaoni, hariri kurasa zako za zamani, usifungue mpya. Ukifungua mpya unaacha wafuasi na maoni ya wateja nyuma. Baada ya kubadili jina la akaunti ya Instagram, jaribu kufungua akaunti tupu kwa jina la zamani uishikilie, asije akalichukua tapeli na kuwauzia wateja wako. Namba ya simu isibadilike kwa hali yoyote. Hiyo ndiyo laini yako.

Siku ya kubadilisha

Tarehe inaamuliwa na stoo. Ukiwa na lebo 6,000 na unauza chupa 400 kwa wiki, zitakwisha baada ya wiki 15. Kama kila lebo ilikugharimu shilingi 120, kuzitupa ni kutupa 720,000. Isipokuwa kama una barua ya wakili, hesabu wiki hizo kutoka leo, na tumia muda huo kumaliza BRELA, TBS, bakodi na majaribio ya kuchapa. Mzigo wa kwanza wa lebo mpya uwe mdogo, 500 hivi, hata kama bei kwa moja ni kubwa. Kosa la tahajia huonekana siku ambayo lebo 10,000 zimefika.

Katika mwezi huo usiguse bei, ladha wala uzito. Mteja akiona jina geni, rangi ngeni na gramu 350 badala ya 400, hasemi umeboresha. Anasema hii ni feki. Kwenye lebo weka mstari unaosomeka, "Zamani ikiitwa...", ukifuatwa na jina la kale, si kwa herufi za kujificha. Wenye maduka waambie wiki mbili kabla, ana kwa ana, na uwaachie chupa mbili, ya zamani na mpya, wazipange pamoja kaunta ili wamwonyeshe mteja. Usichanganye rafu nzima nusu kwa nusu bila maelezo. Anayetaka tukio la kutangazia ana Sabasaba na Nanenane, ambako watu huonja na kuuliza maswali ana kwa ana. Ila mzigo uwe umekwisha kufika madukani, kwa sababu aliyekuona bandani ataanza kukutafuta Jumatatu.

Baada ya miezi mitatu rudi kaunta na daftari lilelile. Wanaotaja jina la zamani watakuwa bado wapo, na hao si tatizo maadamu muuzaji anawapa chupa sahihi. Mstari wa "zamani" uache kwenye lebo mpaka uone oda za maduka zikija zimeandikwa jina jipya bila wewe kuwakumbusha.